Barua Iliyosomwa Njiani

Watu walimwita Mama Chapa, na hata mumewe akiwa na haraka alimwita hivyo hivyo. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye kibanda kile kile nyuma ya posta, kwanza na taipureta iliyogonga kama mvua ya mawe juu ya bati, baadaye na kompyuta, printa, na mashine ya fotokopi iliyotafuna karatasi kila ilipojisikia. Mgongo ulishaanza kulalamika. Macho nayo yalitaka miwani mipya, lakini aliyaambia yasubiri, na yenyewe, kwa upole wake, yakasubiri.

Waliokuja kwake hawakuwa watu wa kuandika. Walikuja na maneno mdomoni, yeye akayatia kwenye karatasi: barua za kuomba kazi, barua za talaka, barua za kumlalamikia mwenye nyumba. Mke aliweza kuja asubuhi kuandika la kwake, mume akaja mchana kuandika la kwake, na kila mmoja akaondoka bila kujua kwamba mwenzake alikalia benchi lile lile. "Mpiga chapa ni kama mkunga," alizoea kusema. "Anayoyaona hayasimulii sokoni." Majirani walitania kwamba ukimpa Mama Chapa siri yako, hata wewe mwenyewe ukiisahau hatakukumbusha.

Jumatatu moja asubuhi, kabla hajamaliza kufuta vumbi, akaingia muuza mkaa. Walikuwa wakifahamiana kwa salamu tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, aliyeuza mkaa kwa debe ubavuni mwa karakana ya seremala, mtaa wa pili. Akakaa ukingoni mwa benchi ili asilichafue.

"Dada, nataka barua ya kwenda kwa hakimu," akasema. "Ila sijui inaanzaje."

"Wewe anza ilivyoanza. Ya hakimu nitaipanga mimi."

Basi ilianza hivi. Mwanawe, mchomeleaji wa mageti na madirisha, alikuwa akipita njia Jumanne iliyotangulia akakuta askari wa mji wanavunja meza za wauza matunda. Mama mmoja aling'ang'ania meza yake, wakamburuta nayo. Kijana akatoa simu, akapiga picha. Askari mmoja akamwona. Wakamchukua yeye na simu yake, na tangu siku hiyo alikuwa kituoni. Hakuambiwa kosa, hakupelekwa mahakamani. Mama yake akienda na chakula anaambiwa aache mlangoni, na hajui kama kinamfikia au kinaishia kwa walinzi.

"Leo siku sita zimepita," muuza mkaa akasema. "Sheria inasemaje?"

"Inasema siku sita ni nyingi mno. Mtu akikamatwa aambiwe kosa lake, na apelekwe kwa hakimu upesi. Hiyo si hisani, ni haki yake. Nimeiandika mara nyingi mpaka vidole vinaijua."

"Na kupiga picha ni kosa?"

"Barabarani, mchana kweupe? Sijaona palipoandikwa."

Muuza mkaa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa dawa ipo lakini duka limefungwa. Kisha akaendelea kusema, na Mama Chapa akaendelea kugonga. "Andika ana vidonda vya tumbo, wasimpe maharage." Mama Chapa akaandika kwamba mhusika ana maradhi ya tumbo yanayohitaji uangalizi, akamsomea.

"Maharage umeyatoa?"

"Maharage yamo ndani ya uangalizi, dada."

"Haya. Andika na seremala. Seremala aliona yote, alikuwa mlangoni kwake. Amesema atakuja kutoa ushahidi."

Hapo Mama Chapa akanyanyua vidole. "Amekubali atajwe?"

"Kwa kinywa chake."

Seremala akaingia kwenye barua. Zikatoka nakala tatu, muuza mkaa akatia kidole gumba kwenye wino na kupiga alama, akazikunja na kuzitia kifuani. Lakini alipofika mahakamani akakuta masjala imefungwa, karani yuko msibani, arudi Jumatano. Akarudi nyumbani na barua yake kifuani vile vile.

Jumanne alasiri askari wawili wakaingia karakana ya seremala. Hawakumkamata. Walizungukazunguka, wakashika randa, wakaiweka, wakasema, "Tunasikia una macho makali, fundi. Uyaangalie yasije yakaingia vumbi." Walipotoka, kabati alilokuwa amelimaliza siku hiyo lilikuwa limelala kifudifudi, mlango umeng'oka.

Jumatano asubuhi muuza mkaa akasimama kwenye mlango wa kibanda. Safari hii hakuingia.

"Barua ninayo," akasema, akajigusa kifua. "Haijafika kwa mtu. Lakini jana wamekwenda kwa seremala. Tuliojua ni watatu tu, mimi, yeye, na wewe."

"Dada, naapa kwa..."

"Usiape. Nilikuja kwako kwa sababu wanasema kinywa chako kina mlango. Kumbe mlango wenyewe hauna komeo."

Hakupaza sauti. Alisema hivyo akaondoka, na alama za vidole vyake vyeusi zikabaki kwenye kizingiti.

Mama Chapa hakufanya kazi ya maana asubuhi ile. Mteja mmoja alitaka fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, akampa ya cheti cha mtu mwingine. Alikuwa amekaa akijihoji kama mshitakiwa. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia fundi viatu wa jirani, ingawa fundi viatu alikuwa na masikio ya kuomba. Karatasi zilizoharibika alizichana mwenyewe. Hakubaki mtu. Ilibaki mashine.

Mashine iliguswa na mtu mmoja tu zaidi yake, naye alikuwa shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wake mumewe, alikuwa karani kwenye ofisi ya mtaa. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, na Mama Chapa, bibi harusi wa miezi mitatu, alimpokea pamoja na mkeka na vyungu vya marehemu. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimfundisha kusoma kwa vichwa vya barua za watu. Miezi minne iliyopita alianza kufika kibandani kila Jumatatu mchana. "Shemeji, kompyuta yako ina virusi kama kuku wa kisasa," alimwambia. "Niachie nusu saa niisafishe. Nenda ukanyooshe mgongo." Naye alikwenda kunywa chai kwa fundi viatu, akimwombea dua njia nzima kwa kuwa na moyo wa kukumbuka alikotoka.

Akavaa miwani, akaitafuta ile barua kwenye kompyuta kutazama mara ya mwisho ilifunguliwa lini. Jumatatu, saa saba na robo mchana. Saa saba na robo alikuwa na kikombe mkononi. Akatazama barua ya wapangaji waliolalamikia mifereji, akatazama ya mwalimu aliyeilalamikia ofisi kwa kumnyima kibali cha mkutano wa wazazi. Zote zilifunguliwa Jumatatu mchana. Barua za mapenzi na za kuomba kazi hazikuguswa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema ufanye nini ikiwa nguo yenyewe uliishona kwa mkono wako.

Akamtumia ujumbe aje. Alikuja alasiri ile ile, akitabasamu, shati limepigwa pasi. Mama Chapa akamwonyesha kwa kidole benchi la wateja. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za watoto, "Barua za watu unampelekea nani?"

Tabasamu likakaa usoni kwa muda bila kujua liende wapi.

"Shemeji, si kama unavyofikiri."

"Sijafikiri bado. Niambie nianze."

Akainamisha kichwa. Mkuu wa ofisi, akasema, anataka kujua mapema nani analalamika na analalamikia nini, ili wajiandae. Barua yoyote inayotaja ofisi au askari. Mwanzo alitaka Mama Chapa mwenyewe aitwe na kuagizwa. "Mimi nikasema hapana, nitafanya mimi, yeye msimsumbue. Nilikuwa nakulinda, shemeji. Hukutakiwa kujua chochote."

"Ulinilinda nisijue kwamba nawauza watu."

"Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Kila ukiisha ananiita, ananiangalia, ndipo anatia sahihi. Unajua mtu anavyoangaliwa namna hiyo? Nina watoto wawili."

Mama Chapa alimtazama. Alitamani hasira ije imsaidie, kwa sababu hasira angalau inasimamisha mgongo. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu tu, mzito kama nguo iliyolowa.

"Alikuandikia?" akauliza.

"Nini?"

"Agizo hilo. Umelipata kwa maandishi?"

"Mambo kama hayo hayaandikwi."

"Ndivyo yalivyo," akasema. "Toa flashi yako, uiache hapa mezani."

Akaitoa. Mlangoni akageuka. "Ukinitaja, mimi nimekwisha."

Wakati wa chakula cha jioni akamweleza mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori zamani, mpaka goti lilipovunjika na kuunganishwa vibaya, na sasa alitembea kama mtu anayepima ardhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasukuma sahani.

"Yule nilimbeba mgongoni toka makaburini," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyemshusha."

"Basi mwite umkaripie. Mpige kofi, ukitaka. Yaishe humu ndani."

"Humu ndani hayakutendeka, baba watoto. Aliyetendewa si mimi. Ni watu waliokuja kwangu wakidhani wamefunga mlango."

"Na damu?"

"Damu ndiyo iliyonifanya nimwachie kompyuta."

Mumewe aliinuka, akaenda kukaa barazani akiwa amegeuzia mgongo nyumba, na tangu jioni ile maneno kati yao yakawa ya kuhesabika: chumvi, mlango, dawa ya goti.

Alhamisi asubuhi Mama Chapa akaenda kwa muuza mkaa. Alimkuta akipima, akangoja mnunuzi aondoke. Akamwambia yote bila kupunguza, kwamba ilikuwa ni kompyuta yake, ni shemeji yake, ni Jumatatu mchana, na kwamba yeye alikuwa akinywa chai.

Muuza mkaa alimsikiliza huku akikung'uta debe.

"Sasa nifanye nini na ukweli wako?" akauliza. "Nimpelekee mwanangu badala ya chakula?"

"Nitauandika. Kwa jina langu, na sahihi yangu. Utakwenda pamoja na barua yako. Hakimu ajue kwamba barua ya raia ilisomwa njiani na watu wale wale inaowalalamikia, na shahidi wake akatishwa."

"Watakufungia kibanda."

"Huenda."

"Na nyumbani kwako?"

"Nyumbani wameshafunga."

Muuza mkaa akamtazama kwa mara ya kwanza toka afike. Akafuta mikono kwenye sketi, akaita jirani amwangalizie biashara.

Kibandani Mama Chapa akakaa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo alipojua jambo ambalo miaka ishirini na miwili haikumfundisha. Maneno ya watu aliyajua kuyanyoosha, ya kwake yalikataa. Aliandika "mimi" akafuta. Akaandika "mimi" tena. Akajaribu kuweka "mtu wa karibu na familia", akaona hiyo ndiyo lugha ya ofisi yenyewe, lugha ya kusema bila kusema. Mwishoni akaandika "mdogo wa mume wangu, niliyemlea mimi mwenyewe." Muuza mkaa alikuwa kwenye benchi akitazama mikono ile iliyozoea kukimbia ikitembea kwa kuchechemea. Alipomaliza akamsomea.

"Umejiweka wewe vibaya kuliko wao," muuza mkaa akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa."

Mahakamani siku hiyo waliambiwa muhuri haupo. Wakakaa mpaka saa tisa, wakaambiwa muhuri upo lakini mwenye muhuri katoka. Ijumaa karani alizipokea barua, akaisoma ya pili mara mbili, akamwangalia Mama Chapa kama anavyoangaliwa mtu aliyejiandikia cheti chake cha kifo. "Una hakika, mama?" akauliza. Mama Chapa akamwambia kama asingekuwa na hakika asingekaa kwenye benchi lile siku mbili, maana lina msumari. Karani akagonga muhuri.

Jumatatu wakaitwa. Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua, leso mkononi, miguu ikitafuta viatu chini ya meza. Yeye pia alikuwa amechoka, ilionekana wazi, na mafaili yalikuwa yamempanda mpaka mabegani. Mchomeleaji akaletwa. Ndevu zilikuwa zimemwota, suruali imeshikwa kwa mkono kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Mama yake alimtazama toka miguuni hadi kichwani, taratibu, kama anayekagua kitu kilichorudi toka kuazimwa.

"Kosa lake nini?" hakimu akamuuliza afisa wa kituo.

"Bado tunachunguza, mheshimiwa."

"Mnachunguza nini?"

"Picha, mheshimiwa. Zilizoko kwenye simu."

"Mmeziona?"

"Simu iliisha chaji, mheshimiwa."

Hakimu akapiga chafya, akajifuta. "Kwa hiyo kijana huyu amekaa ndani siku kumi na tatu kwa sababu kituo hakina chaja."

Watu wachache nyuma wakacheka. Afisa hakucheka. Seremala akaitwa, akasimama, akasema alichokiona kwa sentensi tano, na ya sita ikawa juu ya kabati lake. Mchomeleaji akaachiwa pale pale. Hakuna aliyemwomba radhi. Alipouliza simu yake, akaambiwa afuatilie kituoni.

Kisha hakimu akashika ile barua ya pili. "Mpiga chapa yuko wapi?"

Mama Chapa akasimama.

"Umeandika ni mdogo wa mumeo. Hukuandika jina."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nikitaka ofisi yake ijieleze, nahitaji jina."

Alijua swali hilo linakuja. Alilijua toka Alhamisi, alilala nalo, aliamka nalo. Nyuma yake feni ilikuwa ikipiga kelele. Akalitaja. Majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule aliokuwa akiyaandika kwenye daftari za shule, alipokuwa akimfundisha mwenyewe kushika penseli. Hakimu akayaandika. Ilichukua muda mfupi sana, na Mama Chapa akakaa chini akishangaa jinsi jambo zito namna ile linavyoweza kuchukua muda mfupi.

Nje, muuza mkaa alimwacha mwanawe kivulini akarudi hatua chache.

"Ningekuwa mimi," akasema, "sijui kama ningeweza."

"Hata mimi sikuweza, dada. Nilisema tu."

Jumatano akakuta mnyororo kwenye mlango wa kibanda, na neno IMEFUNGWA limeandikwa kwa chaki. Leseni yake ilikuwa hai, ilikuwa ukutani ndani, ikimtazama kwa dirisha. Akaenda ofisi ya mtaa, akamwambia msichana wa dirishani, "Mwanangu, naomba kujua nani amefunga na kwa kosa gani. Naomba kwa maandishi."

"Mkuu hayupo, mama."

"Nitamngoja."

Alimngoja siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Alikuja saa mbili, akakaa, akaondoka saa tisa na nusu. Hakubishana na mtu. Kila alipoulizwa anataka nini alirudia maneno yale yale, nani, kosa gani, kwa maandishi, mpaka msichana wa dirishani akawa anayasema pamoja naye kwa midomo tu. Mkuu alipita mbele yake mara mbili huku ikisemwa hayupo. Kuna wakati Mama Chapa alisinzia, akaamka shingo imekakamaa, na hakukumbuka kwa sekunde kadhaa alikuwa amekuja kudai nini. Watu wanaosema mtu asimame kwenye haki yake, alifikiri, hawasemi kwamba sehemu kubwa ya kusimama huko ni kukaa.

Siku ya nne seremala akaja, akakaa pembeni yake. Alisema ana shughuli zake humo ofisini. Saa nzima hakuonyesha shughuli yoyote. Aliligusa benchi hapa na pale, akasema aliyelitengeneza anastahili kukalishwa juu yake. Akaondoka. Siku ya tano akaja muuza mkaa, na mwalimu wa kile kibali cha mkutano, na wapangaji wawili wa mifereji, ambao Mama Chapa alikuwa amewaeleza kilichozipata barua zao. Hawakubeba bango. Walipoulizwa wanataka nini, kila mmoja alisema anataka kujua barua yake ilisomwa na nani, naomba kwa maandishi.

Siku ya saba mnyororo ulikuwa umeondolewa. Hakuna aliyeeleza. Neno lile la chaki lilikuwa limefutwa nusu, likabaki "IMEFU", na Mama Chapa akalimalizia kulifuta kwa kitambaa chenye maji.

Majibu ya ofisi kwa hakimu yalifika wiki ile ile. Mkuu aliandika kwamba hajui lolote kuhusu kusoma barua za raia, kwamba ofisi yake inaheshimu faragha ya kila mwananchi, na kwamba karani mmoja wa muda, aliyefanya hayo kwa akili yake mwenyewe, ameshaachishwa kazi. Mkuu mwenyewe, baada ya muda, alihamishiwa mtaa mwingine. Wengine walisema amepandishwa cheo.

Nyumbani mumewe alizipokea habari za mdogo wake akiwa anafunga kiatu. Alikaa na kamba mkononi. "Umefurahi?" akauliza, na hakungoja jibu.

Wateja walirudi nusu. Wengine walisema Mama Chapa ni mwanamke wa haki. Wengine walisema kama alimtaja ndugu yake, atashindwa vipi kumtaja mtu baki. Hakugombana na wowote kati yao. Aliigeuza meza ili mteja aone kioo cha kompyuta, na kila barua ikishatoka kwenye printa aliifuta mbele ya mwenyewe, hata kwa wale waliotaka abaki nayo kwa ajili ya mwakani.

Mwezi mmoja baadaye, mchana, shemeji yake akaingia. Shati halikupigwa pasi. Akasimama mpaka alipoambiwa akae, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimekwenda kwa wapiga chapa wawili," akasema. "Mmoja kanifukuza. Mwingine anaandika kama anachimba viazi. Nataka barua."

"Ya kwenda kwa nani?"

"Kwa bodi ya ajira. Nimeachishwa bila kuitwa, bila kuulizwa. Hata barua ya kuachishwa sikupewa. Nilikuta mtu mwingine kwenye kiti changu." Akaegemea mbele. "Nilichofanya nilifanya, shemeji. Sikatai. Lakini walinituma, na sasa wanasema nilijituma. Sikupewa nafasi ya kusema."

Mama Chapa alimtazama. Aliona mtoto wa miaka minne aliyekuja pamoja na vyungu, na aliona flashi mezani, na hakuna kimoja kilichokifuta kingine. Kulikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kuyasema, na mengine yalikuwa matamu. Alikuwa amechoka mno kuyachagua.

"Ilitakiwa uitwe," akasema. "Usomewe kosa, ujitetee, ndipo wakate shauri. Hata aliyekosa ana haki hiyo. Hasa aliyekosa." Akavuta kibodi. "Anza ilivyoanza. Na usinitoe mimi wala muuza mkaa. Tuweke sote."

Iliwachukua mpaka jioni. Mara mbili alimsimamisha: "Hapo umeficha." Mara mbili akarudi nyuma, akasema kama ilivyokuwa. Barua ilipotoka, akaisoma, akatia sahihi, na Mama Chapa akamwonyesha kioo na kuifuta. Shemeji akatazama barua yake ikitoweka pale, akashusha macho.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Bodi ilikiri kwamba hakusikilizwa na kwamba utaratibu haukufuatwa. Kazi hawakumrudishia, walimpa barua ya utumishi isiyo na neno baya wala zuri, na kwa barua hiyo alipata kazi ya kutunza stoo kwenye shule moja nje ya mji. Alikuja kuaga nyumbani Jumapili. Alikaa barazani na kaka yake, wakaongea juu ya goti. Mama Chapa aliwapelekea chai, akaweka vikombe vitatu, akavuta kiti akakaa nao. Mumewe akamsogezea sukari, akamuuliza kama mgongo leo una nafuu, na yeye akajibu kwamba hauna, lakini atakwenda kuuonyesha hospitali wiki ijayo akipata nafasi.